Jina Alilolitaja Mama Mdogo Faida

Nilikuwa na miaka tisa hivi, na kama watoto wote wa kike wa Alunguli wa wakati ule, nilijua jambo moja bila kufundishwa na mtu: mwanamke akishikwa na uchungu na mtoto akakataa kutoka, kuna jina amelificha. Jina la mwanaume. Akilitaja, njia inafunguka. Hata kwenye michezo yetu, aliyecheza mzazi alilala chini akigugumia, sisi wengine tukamzunguka tukipiga kelele, "Sema! Sema!", naye akataja jina la mvulana yeyote wa shule, tukavunjika mbavu kwa kicheko, na mtoto wa kitambaa akatolewa chini ya gauni lake. Huo ndio uliokuwa mchezo wetu. 

Vita vilipokuwa vimekaza, mama yangu alivuka mto Lualaba asubuhi moja kwenda Kindu mjini kuuza mafuta ya mawese, na siku hiyohiyo wanajeshi wakapiga marufuku mitumbwi yote. Yeye akabaki ng'ambo, mimi nikabaki Alunguli kwa mdogo wake, mama mdogo Faida. Tulikuwa tunayaona mabati ya mjini yakimetameta upande ule wa Lualaba, na mama yuko chini ya mojawapo, lakini hatukuweza kumpelekea hata neno. Miezi ikapita. Mama mdogo ndiye aliyenilisha, aliyenisuka nywele, na aliyenitania kwamba kwa kichwa nilichonacho lazima niwe waziri, maana kofia ya mtu mwingine hainienei.

Mume wake alikuwa ameenda Kampene kuchimba dhahabu. Alimwacha na mimba changa sana, ambayo hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo bado. Tuliishi ua mmoja na mama mkwe wake, mama Sakina, na huyo alikuwa akihesabu miezi kwa vidole, akifika mwisho wa mkono anaguna na kuanza upya.

Mkunga wetu aliitwa mama Honorina. Kabla ya vita alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ndogo ya mtaani. Zahanati ilipoporwa, alitoka na bluzi yake nyeupe ya kazi tu, akaendelea kuzalisha watu majumbani. Alikuwa mpole, mikono yake ya joto, na wanawake walimwamini kuliko padri na imamu wakiwekwa pamoja. Wiki mbili kabla ya uchungu alikuja kumpima mama mdogo. Mimi nilikuwa mlangoni nikichambua majani ya mihogo ya kupika sombe. Nakumbuka mkono wake ulikaa muda mrefu ubavuni mwa tumbo, ukahamia upande wa pili, ukarudi tena palepale.

"Iko muzuri?" mama mdogo akauliza.

Mama Honorina akatabasamu. "Mutoto iko muzuri, mama. Wewe ukule tu, upumuzike."

Uchungu ulianza alfajiri. Kesho yake, jua limeshapanda, mtoto alikuwa bado hajatoka, na mama mdogo alikuwa hana tena sauti ya kulilia. Hapo mama Sakina akasimama katikati ya chumba, akasema hakuna mkono utakaomgusa mke wa mwanawe kabla hajasema.

"Jina njo inafunga njia. Aseme kwanza, kisha mufanye kazi."

"Mama, hakuna jina," mama mdogo akajibu. "Mutoto ni wa mwana yako."

"Mutoto wa mwana yangu angekuwa ameisha kutoka."

Mama Honorina alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshanawa mikono, macho chini. Wanawake wote walimgeukia, nami nikamgeukia. Angesema neno moja tu, chumba kizima kingemsikiliza, hata mama Sakina. Alichosema ni hiki: "Faida, mama, kama iko kitu, sema."

Mama mdogo akatikisa kichwa. Ndipo mama Sakina akaja mlangoni, akanishika bega. "Wewe njo anakupenda. Ingia, umuombe."

Ningependa kuwaambia kwamba niliingia kwa kulazimishwa. Hapana, niliingia mbiombio. Niliamini kuna jina, na nilikuwa nimemkasirikia kidogo kwa kulificha mpaka afe na kuniacha. Nikaushika mkono wake uliolowa jasho, nikasema, "Mama mudogo, sema. Usikufe. Mama haiko huku. Nitabakia na nani?"

Akageuza kichwa, akaniangalia.

"Hata wewe?"

Alifumba macho, akavuta pumzi, akataja jina la mwalimu Rajabu, jirani aliyekuwa amekimbia vita tangu miezi mingi, na hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba hata katika hali ile alitafuta mtu ambaye hakuna atakayeweza kwenda kumpiga.

Mama Sakina akapiga makofi mara moja. "Munaona?" Na mama Honorina, aliyekuwa kama amefungwa kwenye kile kigoda, akainuka upesi, akanitoa nje, akafunga mlango. Haikuchukua muda mrefu. Mtoto alitoka, lakini alitoka amekufa. Nilikisikia kilio cha mama mdogo peke yake.

Mtaa mzima ukasema jina limefungua njia. Na mtoto je, mbona amekufa? Kwa sababu mama yake alichelewa kusema. Kila swali lilikuwa na jibu lake. Mto ulipofunguliwa na mama yangu akarudi, aligombana na mama Sakina mpaka sauti ikamkauka, asipate kitu. Mume alipotoka Kampene alipewa habari hata hajavua viatu. Mama mdogo akarudishwa kwao Kailo na furushi moja la vikwembe vyake vya kujifunga. Hakuolewa tena, wala hakuzaa.

Mimi sikuwa waziri. Nilisomea ukunga, na sasa ninazalisha kwenye materniti moja hapahapa Kindu. Nilipokuwa bado mwanafunzi, mwalimu wetu aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo la mwanamke mmoja, nikakisikia kichwa cha mtoto ubavuni, kigumu, cha mviringo. Mtoto alikuwa amelala amekingama; akilala hivyo hatoki mpaka mkono umgeuze au daktari ampasue mama. "Ukigusa mara moja, hausahau," mwalimu akasema. Nikaukumbuka ule mkono uliokaa ubavuni, ukaenda, ukarudi. Nikaomba ruhusa, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi.

Ilinichukua miaka kwenda kumwuliza mama Honorina. Nilijidai nina kazi nyingi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa jibu. Mwaka jana nilimkuta mama Honorina amekaa nje ya nyumba yake, Alunguli, macho yameingia ukungu. Nikamtajia jina la mama mdogo, nikamwuliza kama alijua mtoto amekingama.

"Nilijua," akasema, bila kunizungusha. "Nilijua siku ile niliyomupima. Ningemuambia nini? Mto ilikuwa imefungwa, daktari iko ng'ambo. Nikasema, batoto bengine banageuka. Nisimutie woga ya bure."

"Na siku ya uchungu?"

"Ile siku niliona haya. Kama ningesema mutoto amekingama, bangeniuliza, kwa nini haukusema mbele? Nikaacha bamuulize yeye."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa kumchukia sawasawa. Nimeshasimama mara nyingi pale alipokuwa amesimama, na najua jinsi lile neno, "iko muzuri," linavyojitokea lenyewe mdomoni. Mgonjwa anakuangalia, anataka kulisikia, foleni ni ndefu, na wewe umechoka. Siku hizi najilazimisha kusema ninachokisikia kabla sijautoa mkono. Mmoja nilipomwambia alilia, akaondoka, hakurudi tena kwangu, na mpaka leo sijui alizalia wapi. Jambo hilo linanisumbua. Na wale wanaoniuliza kwa sauti ya chini, katikati ya uchungu, "Muganga, niseme jina?", bado wapo.

Nilipanda pikipiki kwenda Kailo. Nilimkuta mama mdogo akimenya mihogo, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nikakaa chini, nikamwambia yote: mtoto alikuwa amelala amekingama, hakufungwa na jina, na mama Honorina alijua tangu siku ile aliyompima.

Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Mi nilijua ni mi njo nilimuua," akasema. "Nilitaja jina ya uongo. Mwalimu Rajabu hakunigusa hata kidole. Nikasema, njia imefunguka kwa uongo, njo maana mutoto akakufa. Kila siku ninasema vile."

Nilifikiri nimekuja kumpokea mzigo. Sikujua ulikuwa huo. Miaka yote hiyo nilidhani analia kwa kusingiziwa, kumbe alikuwa anajihukumu kwa mauaji.

"Alijua wiki mbili?" akauliza.

"Wiki mbili, mama mudogo."

"Miguu yangu ilikuwa ingali na nguvu." Akaanza kuhesabu, polepole, kama mtu anayepanga safari ya kesho. "Bavuvi balikuwa banavusha bantu kule juu, kwenye pori, kimya kimya. Ni siku mbili ya kutembea. Na tumbo yangu vile, siku tatu. Ningefika ng'ambo kwa mama yako, angenipeleka kwa daktari." Akaniangalia. "Alijiamulia yeye peke yake kama njia hakuna. Mi hakuniuliza."

Kisha akakasirika. Sikuwa nimepata kumwona mama mdogo Faida amekasirika, hata siku aliyofukuzwa. Alikitupa kisu kwenye beseni, akasimama, akamtukana mama Honorina, akamtukana mama Sakina aliye kaburini, kwa sauti ambayo iliwatoa majirani nje. Nilimwacha. Nilikuwa nalia na wakati huohuo nafurahi, maana hasira yake kwa mara ya kwanza ilikuwa imetoka ndani ya kifua chake ikaenda kwa wenyewe.

Alipochoka, alikaa tena. Nikamwomba radhi kwa siku ile niliyomshika mkono. "Ulikuwa mutoto," akasema. Hakusema kwamba haikumwuma, nami sikumwomba aseme hivyo.

Tulikaa na ile mihogo iliyomenywa nusu. Maneno niliyompelekea mama mdogo, mama Honorina angeweza kumwambia mwenyewe asubuhi ileile mtoto alipotoka, akiwa bado anaosha mikono, na yangemgharimu aibu ya siku moja. Sisi wakunga tunasema tunanyamaza kwa huruma. Mimi pia nimewahi kusema hivyo.

"Basi haikuwa mi," mama mdogo akasema.

"Haikuwa wewe."

Akaniomba niseme tena. Nikasema tena.