Maji Yaliyokuwa kwenye Mchakato

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo neno jipya likinipita nalishika mkono nalirudisha. Sioni haya kuuliza. Hapa Igogo, juu huku kwenye mawe, neno lililonisumbua kuliko yote ni mchakato.

Gati, lile bomba la mtaa tulilokuwa tukichotea maji, lilikauka kiangazi. Pampu ya kuyapandisha mlimani iliungua, na wenye kiwanja ilipokuwa imefungwa wakakitaka wajenge. Nikikaa mlangoni ziwa lote naliona, na ndoo zangu kavu. Tukawa tunanunua kwa vijana wanaoyapandisha kwa mabega, na kadiri mlima unavyopanda na bei inapanda. Siwalaumu, hata mimi nisingeyabeba kwa bei ndogo. Lakini ukishanunua maji, sukari unaiacha dukani. Na hiyo sabuni ninayonunua wanasema ndani yake kuna kodi. Sawa, kodi nalipa, sabuni ninayo, maji ya kuifulia ndiyo sina. Nikawa naoshea miguu maji niliyooshea mchele.

Mwanangu wa kwanza anakaa Buzuruga. Alikuja akaiona hali ile, akasema kabla ya Krismasi ananihamishia kwake, nyumba hii tuipangishe. Ni mtoto mwema, na mkewe ni mwema, ila mimi sitaki kuwa mgeni kwenye jiko la mtu. Nyumba hii niliijenga kwa mshahara wangu mwenyewe, chumba kimoja kimoja. Nikamwambia anisubiri kwanza nijue maji yetu yako wapi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanipa shikamoo vizuri, akanipa na kiti, akasema suala la maji liko kwenye mchakato. Nikarudi mwezi uliofuata, bado liko kwenye mchakato.

Hapo ndipo nilipopotea. Kuchakata mimi nakujua. Nimefanya kazi miaka mingi kiwanda cha samaki huko chini, na buti na aproni, nachuna minofu ya sangara mpaka vidole vinakufa ganzi. Kazi ile inaitwa kuchakata samaki. Sangara anaingia mlango huu akiwa mzima, anatoka mlango ule akiwa minofu ndani ya boksi, anapanda ndege, na sisi tunarudi nyumbani na vichwa. Kwa hiyo mwenyekiti aliposema maji yako kwenye mchakato, nilielewa yamepelekwa kiwandani. Nikawaambia wanawake wenzangu, nao wakawaambia wenzao. Mlima mzima ukajua kwamba maji yetu yanachakatwa.

Uchaguzi wa mitaa ulikuwa unakaribia, na uchaguzi ukikaribia mikutano hukumbukwa. Fulana za vyama ninazo za rangi zote, nalimia. Tukaitwa uwanja wa ofisi ya mtaa, na safari hii akaletwa afisa wa maji, binti mdogo wa sauti ya chini. Mwenyekiti akaeleza habari za taka, akaeleza ulinzi wa usiku. Alipofika kwenye maji akasema mchakato unaendelea. Nikasimama.

"Maji yetu yakishachakatwa, yanasafirishwa nchi gani?"

Vijana walicheka wakashikana mabega. Wazee wenzangu hawakucheka, walikuwa wanangoja jibu. Mama mmoja muuza maandazi akasema kwa sauti, "Yanakwenda Ulaya na minofu, bibi. Sisi tutaletewa vichwa vya maji."

Yule binti alinisogelea, akaniamkia, akaniuliza nimeelewa vipi. Nikamweleza habari ya kiwanda. Akasema hapana, mchakato huu hauna kisu, ni hatua tu, jambo linatoka mkono huu linakwenda mkono ule. Nikamshukuru, maana hakuna aliyewahi kunieleza. Lakini kama ni mikono, basi mikono ina wenyewe.

"Leo liko mkononi kwa nani?"

Binti akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akajidai anatafuta kalamu mfukoni. Basi binti akasema taratibu kwamba pampu mpya ipo stoo, kinachosubiriwa ni mtaa kuonyesha mahali pa kuifunga, pawe tambarare.

Watu wakageuka kuniangalia. Kwetu ni mawe matupu. Tambarare iliyobaki kila mtu anaijua, ni kile kipande ubavuni mwa nyumba yangu, ninapolima viazi vitamu.

Nikamuuliza mwenyekiti mbona hakuja kuniambia.

"Mayu, nilikuja," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mbele za watu hajawahi kuniita hivyo. "Nilikuja mara mbili. Siku zote mbili nilikukuta unamfokea mtu wa taka. Nikageuza. Hata ulipokuja kwangu, nikaogopa kukuomba kiwanja."

Safari hii hata wazee walicheka. Mtu wa taka mwenyewe alikuwepo, akainua mkono kushuhudia.

Nilijiuliza, na mpaka leo najiuliza, ni mambo mangapi ya nchi hii yanaitwa mchakato kumbe ni mtu mmoja anaogopa kumgongea mwenzake mlango. Sisi huku tukiona jambo limekwama tunasema wamekula. Wapo waliokula, sikatai. Lakini wengine labda wamesimama tu nje ya uzio, hawajui waingie na neno gani. Na hao wakubwa wa juu nao, sijui wanamwogopa nani.

Kipande kile kilikuwa chakula changu. Viazi vyake navikata michembe, naianika juu ya jiwe, unga ukipanda bei nachemsha hiyo nakula. Ila viazi navyo vinapikwa kwa maji. Nikasema mbele ya wote kwamba kipande natoa, na fidia sidai. Ninachodai ni kwamba mapato ya gati yasomwe mkutanoni waziwazi, ndoo imeuzwa bei gani na fedha imekwenda wapi, na yasisomwe siku ambayo mimi sipo. Mwenyekiti akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Binti akasema fundi atakuja Jumatatu.

Jumamosi mwanangu alifika. Guta la kubebea vyombo vyangu alikuwa ameliacha chini barabarani. Akanikuta nimeinama nachimba viazi, vingi vina unene wa kidole, vya mvua za kwanza. Akauliza kulikoni, nikamsimulia. Akauliza kama maji yamefika. Nikamwambia bado, pampu inafungwa Jumatatu, na isipofungwa najua pa kwenda kuuliza.

Akaliangalia kabati langu kupitia mlangoni. Halafu akavua viatu, akakunja suruali, akachukua jembe la pili. Guta liliondoka na gunia la viazi vidogo, zawadi ya mkewe.