Hodi za Silvano

Mradi wa misitu ulipofungwa, wazungu waliondoka na magari na serikali ikaondoka na samani. Akabaki Silvano Shemweta, mzaliwa wa Rangwi, na kompyuta moja, laini ya simu na kipimo cha mvua uani. Mkataba wake hakuna aliyekumbuka kuufuta. Soko huria lilikuwa limeshapanda mlima: vyumba vya jirani viligeuka duka la mitumba na saluni, na Lushoto nzima ilikuwa inauza kitu isipokuwa yeye, aliyetoa takwimu za mvua bure.

Kila asubuhi alipima mvua, akaandika faili, akaipigia kwa modemu sava, ile kompyuta kuu ya kuhifadhia, iliyokuwa Dar es Salaam. Programu zake fupi, alizoziandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, zilimalizia: zilipeleka faili jipya, zikahakiki kwamba mafaili ya zamani yapo na hayajapungua, zikafuta yaliyojirudia. Nani aliyasoma, hakuna aliyewahi kumwambia, naye alikuwa na adabu ya kutouliza.

Sava ilikuwa mikononi mwa Husna, binti wa Dar aliyepanda mara moja kufunga mitambo, akala mapeasi, akailaani baridi, akateremka. Wakati wa kuaga alimtania: "Kaka Silvano, usiwe unaingia kwenye sava yangu kimyakimya. Piga hodi kama watu."

Silvano alicheka, kisha akaiandikia programu. Kabla ya kugusa chochote, iliacha kwenye sava faili tupu lenye jina "hodi" na tarehe, ikangoja. Likitokea faili liitwalo "karibu", ililisoma, ikalifuta, ikaingia. Hodi tatu zisipoitikiwa, iligeuka ikarudi. Ndivyo alivyolelewa: nyumba iliyo kimya haiingiwi, hata kama ufunguo unao mfukoni.

Na karibu ilikuja, kila asubuhi, kwa miaka. Mkewe alikuwa amefariki, ndugu zake wako Rangwi na mashamba yao. Neno hilo moja alilinywea chai.

Asubuhi moja ya masika karibu haikuja. Wala kesho yake. Wala wiki ile yote.

"Shikamoo, baba," alisema Jenoveva, binti aliyepitisha chai maofisini. "Bado hajaitika huyo wa Dar?"

"Marahaba. Bado."

"Labda ameolewa."

"Ni sava, Jenoveva."

"Na sava nazo zinaolewa siku hizi. Si wanabinafsisha kila kitu?"

Mvua ya wiki nzima ilikuwa imerundikana mezani, lakini hofu ya Silvano haikuwa mvua. Aliogopa kwamba Husna anaumwa, au amekufa, au, baya kuliko yote, amemchoka.

Mwishowe akaondoa mistari ya hodi kwenye programu, kwa aibu ya mtu anayevua viatu kwenye nyumba isiyo na wenyewe, akaingia.

Sava ilikuwa imejaa. Iliruhusu idadi fulani tu ya mafaili, na zilizoimaliza nafasi ni hodi zake mwenyewe. Mafaili ya "karibu" alikuwa akiyafuta. Hodi hakufuta hata moja. Zilijipanga tarehe kwa tarehe, mpaka pakakosekana nafasi ya faili moja la kumjibu.

Kando ya hodi hizo palikuwa na programu ya Perl, mistari sita. Akaisoma. Kila dakika iliamka, ikiona hodi mpya iliandika karibu, ikalala. Juu yake Husna alikuwa ameacha maelezo: "Ya kumwitikia yule mzee wa Lushoto." Tarehe ilikuwa ya wiki ileile aliyoteremka.

Silvano aliiangalia mistari ile sita muda mrefu. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hakuona cha kurekebisha. Akafuta hodi zake zote za nyuma. Akarudisha mistari aliyoiondoa, akaongeza mmoja: hodi ikishaitikiwa, ifutwe. Kisha akatoka, akapiga hodi.

Jenoveva alirudi kuchukua kikombe. "Vipi, ameitika?"

"Ameitika."

"Anasemaje?"

"Karibu."

"Basi? Kimya chote kile, halafu neno moja?"

"Ana kazi nyingi," alisema Silvano, akasogeza kikombe aongezewe chai.