Nilimnunulia mama simu kubwa Kilembwe, akaacha kunibipu

Habari zenu wakuu.

Leo nimekuja na langu, si la jirani wala la rafiki yangu mmoja. Nitawaandikia kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, maana nikizitoa hizo hakuna uzi.

Niko Baraka, Kivu ya Kusini, Congo. Nauza simu na vikorokoro vyake: chaja, kava, earphone, kadi za memori, redio ndogo za sola. Mzigo ninaufuata Kigoma, na Kiswahili changu cha kuandika nilikiokota hukohuko, kwa hiyo mkiona kinachechemea mjue njia kilikopita.

Mniruhusu nijisifu kidogo kabla sijajiumbua. Kwa mambo ya simu hapa Baraka mimi ni bingwa. Watu wanakuja dukani kuuliza tu ushauri. Nawaambia kamera za megapikseli nyingi ni mapambo, angalia betri. Nawaambia kama unakaa milimani usikimbilie 4G, utailipia bure. Simu ya kuangalia filamu za mfululizo na simu ya kuendeshea biashara ni vitu viwili, usichanganye.

Kijana akija na hela ya simu ya kioo kikubwa kwa ajili ya kucheza muziki tu, mimi namgeuza akanunue spika. Nimepoteza wateja kwa ukweli huo, lakini ndivyo nilivyo.

Sasa bingwa huyu ana mama.

Mama yangu anakaa Kilembwe. Kwa wasiokujua, ni ndani kabisa, unapanda kwanza mpaka Fizi kisha unaingia. Kukiwa kukavu pikipiki inakufikisha siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha, utajua wewe na matope yako. Analima muhogo na karanga, hajasoma, na Baraka haipendi. Anasema joto la ziwa linamlaza.

Nimebeba jina la baba yake. Kwa hiyo mama ananiita "papa", na akinigombeza ananigombeza kwa adabu kidogo, kama mtu anayemgombeza mzazi wake. Mke wangu hucheka sana.

Miaka yote hiyo alikuwa na kile kisimu kidogo cha vitufe chenye tochi. Nilimwekea namba yangu kwenye kitufe cha mbili, akikibonyeza bila kuachia kinaniita. Mke wangu akakipaka rangi ya kucha nyekundu ili asikikosee.

Na tulikuwa na utaratibu wetu. Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, simu yangu inalia mara moja na kukata. Hiyo ni bip ya mama: nimeamka, niko mzima. Mimi nabipu mara moja: nami pia. Bip mbili ni "nipigie". Yeye hanunui unité, yaani salio, ana zile kidogo za kutosha kuita, na haziishi kwa sababu hakuna anayepokea.

Najua wengi wenu mna utaratibu wa aina hiyo na wazee wenu. Lakini huku kwetu, ambako wiki moja barabara ni nzuri na wiki inayofuata unasikia maneno ya kutisha kuhusu hiyohiyo barabara, bip ya asubuhi si mchezo. Ukiipata unakunywa chai yako kwa amani.

Mwaka jana biashara ilinyooka. Nikasema, mimi ninayewaunganisha watu wote wa Baraka, mama yangu anabaki na kisimu ambacho namba zake zimefutika? Haiwezekani. Nikachagua simu kubwa nzuri, kioo kipana, betri nene. Nikaiwekea WhatsApp, picha za wajukuu, nyimbo za kwaya anazozipenda. Nikaifunga vizuri, nikampa dereva wa pikipiki ninayemwamini.

Hapa ndipo penye kosa langu, wakuu.

Dukani kwangu kuna kanuni: ukichukua mpya, ya zamani irudi. Nazifungua, natoa betri, spika, vitufe, zinakuwa spea. Ni mazoea ya kazi, mikono inafanya kabla kichwa hakijauliza. Basi nikamwambia dereva, "Ukimpa hii, umuombe ile ya zamani, uniletee."

Akaniletea. Siku hiyohiyo alikuja mteja mwenye simu ya aina ileile, betri yake imevimba. Nikafungua ya mama, nikampa betri. Kasha lenye kitufe chekundu likaingia kwenye kopo la spea na mengine yote.

Jumapili ya kwanza, video. Mke wa mchungaji wao anajua mambo ya simu, alimsaidia baada ya ibada. Niliona paji la uso la mama, halafu bati la kanisa, halafu paji la uso tena. Nyuma wamama wa kwaya wanapunga mikono. Mama anasema, "Aksanti papa, aksanti sana, Mungu akubariki," na mimi nimevimba kifua. Niliiweka mpaka status.

Jumapili ya pili vilevile. Bati, paji la uso, asante.

Asubuhi za katikati, kimya. Nikipiga, simu haipatikani. Mke wa mchungaji alikuwa amemshauri aizime mpaka Jumapili ili chaji isiishe, maana ya kuchajia ni mpaka kwenye sola ya kanisa. Nikaona ni sawa. Si tunaonana kwa video? Mtu anayeonana kwa video anabipiwa nini tena?

Nisiwadanganye, wiki ya kwanza niliamka nikishika simu. Wiki ya tatu nikazoea. Hilo la kuzoea ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baadaye Jumapili nazo zikakatika. Mke wa mchungaji alikuwa ameshuka Fizi kumuuguza binti yake aliyejifungua. Nikamuuliza dereva wangu, akasema mama yuko vizuri, alimpita shambani. Basi nikalaumu mtandao, kama tunavyoulaumu kwa kila kitu.

Kipindi hichohicho kukawa na kitu cha ajabu dukani. Watu wanaingia, hawanunui. Si vijana wa kuuliza bei za simu, hao nimewazoea. Hawa ni wamama wa mafuta ya mawese, wazee wa karanga, watu wa soko. Mtu anasimama mlangoni, ananitazama usoni, anauliza bei ya earphone. Mama wa miaka sitini, earphone za nini? Namtajia bei, anasema, "Haya, ubakie muzuri," anaondoka.

Mzee mmoja aliniuliza hivi, "Na usiku ulilala?" Nikamjibu nililala. Akatikisa kichwa, akatoka.

Nikamlalamikia mke wangu kwamba soko la Baraka limeharibika, limejaa watalii. Yeye akasema labda nimekuwa mzuri wa sura.

Siku moja akaja mama mwingine, ndoo ya mawese kichwani, hata hakuitua. Akanitazama, akauliza bei ya chaja. Siku hiyo nilikuwa na hasira zangu, mzigo umekwama ng'ambo. Nikamwambia, "Mama, simu yenyewe unayo? Kila siku mnakuja kuuliza bei tu, hapa si maonyesho."

Akatua ndoo polepole. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mi sikukuya kununua, papa," akasema. "Ni mama yako wa Kilembwe alinituma. Aliniambia, ukifika Baraka, pita kwa duka ya mutoto yangu, umuangalie tu. Usimwambie kitu, iko na kazi mingi. Ukirudia, utaniambia kama iko muzima."

Nikamuuliza, "Anatuma wewe tu?"

"Anatuma kila mutu mwenye anashuka. Mwenye kurudi, yeye anamungojea kwa barabara."

Wakuu, nilikaa kwenye lile kreti la soda ninalokalia. Wote wale. Mzee wa "ulilala". Mama wa earphone. Walikuwa wanabeba bip ya mama yangu kwa miguu kutoka Kilembwe, na mimi nawakunjia uso.

Yule mama nilimpa maji akanywa, nikamuomba msamaha, nikamnunulia ndagala, dagaa wa ziwani, za kurudi nazo. Alinisamehe kwa upole, akasema mama zetu wote ni wamoja.

Kesho yake nilifunga duka nikapanda. Mfukoni nilikuwa na kisimu kipya cha vitufe, aina ileile. Barabara siwasimulii, mtadhani natafuta huruma.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. Aliponiona alisimama, kisu mkononi, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akauliza, "Kuna mutu amekufa?" Nikamwambia hakuna, nimekuja kumwona tu. Akaketi tena, ila muhogo hakumenya.

Nikaulizia simu. Akaingia ndani akaitoa imefungwa ndani ya kitenge, kitenge ndani ya kopo la maziwa. Inang'aa. Ile plastiki ya juu ya kioo hajaitoa. Nikaiwasha: chaji imejaa. Alikuwa anaipeleka kuchaji kila Jumamosi, anairudisha, anaifunga tena.

Nikamwomba anipigie nione. Akaweka kidole kwenye picha yangu, ile niliyoiweka mbele kabisa ili akiigusa iniite, asihangaike. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Akalamba kidole, akapangusa kwenye nguo, akaweka tena. Kimya.

"Hii kitu yako haisikiake mikono yangu," akasema.

Nikakishika kile kidole mwenyewe nikakigusisha. Nikaondoa plastiki, nikakigusisha tena. Hamna. Ncha ya kidole cha mama yangu ni ngumu kama kisigino, jembe na muhogo vimeila miaka hamsini. Kioo cha simu kinataka ngozi yenye unyevu kidogo. Na mimi hilo nalijua, wakuu. Mafundi ujenzi wanakuja dukani na shida hiyohiyo, nawacheka, nawaambia wapake mafuta. Mikono iliyonilea sikuiwaza hata siku moja.

"Kwa nini hukutuma mtu aniambie, mama?"

Akaviangalia vidole vyake.

"Nilisema pengine umechoka na bip zangu, papa. We ni mutu wa kazi. Kila asubui mama anakusumbua. Ukatuma ile ya zamani ichukuliwe, ukaniletea ingine yenye haiwezi kubipu. Nikasema, ah, mutoto anasema na heshima. Nikaelewa."

Mtu mzima nina ndevu, nililia palepale kwenye maganda ya muhogo, na yeye ndiye akawa ananibembeleza, anasema bas, bas, papa, nani alikuumiza.

Nilipotulia nilijitetea. Nilimwambia nilitaka tu aone sura yangu, na wajukuu, siyo kusikia mlio peke yake. Nilimwambia mlio hauna kitu ndani yake, lakini kwenye video tunaonana.

Akacheka. Akasema, "Sura yako mi naijua, papa. Ni mi nilikuwa wa kwanza kuiona. Nilikuwa nataka tu kujua kama umeamuka."

Nimeuza simu miaka tisa. Nimesoma kila karatasi inayokuja ndani ya boksi. Hakuna aliyewahi kunieleza simu ni kitu gani kama alivyonieleza mama, ambaye hajui kusoma.

Kisimu cha vitufe nilimwachia, nikamwonyesha kitufe. Ile kubwa nilitaka kurudi nayo, akakataa. Anasema ina kwaya, atamwachia mke wa mchungaji akirudi, awawekee wamama wakiwa wanatwanga.

Somo langu ni dogo. Ukitaka kumnunulia mzazi simu, usiulize RAM wala kamera. Muulize ile aliyonayo anaifanyia nini, kisha mwangalie mikono. Na ya zamani usiiguse. Ile kanuni ya "ya zamani irudi" nimeifuta dukani kwa wazee wote, hata kama spea zitaniishia.

Sasa semeni na nyie, hata kwa kunisema vibaya, nitapokea. Ila kila atakayechangia aanze na jibu la hili moja: leo asubuhi, aliyekuzaa amejuaje kwamba umeamka?