Gari la Maman Furaha Bado Linanuka Benzini

Mimi si fundi wa kubahatisha. Diploma yangu ya umakanika niliipata Ubelgiji kwa jasho langu, nikarudi Bukavu kufungua gereji. Wiki iliyopita Maman Furaha wa mtaa wa Muhumba aliniletea gari lililonuka benzini. Binti yake ni mjamzito, na kila alipopelekwa kliniki alitapika njia nzima. Nikabadilisha mpira uliopasuka, ule unaobeba mvuke kutoka kwenye tangi.

Ili mteja ashuhudie kazi ya msomi, nilivaa suti, nikampakia, tukaelekea mji wa Katana kulijaribu gari.

"Papa, benzini inanuka zaidi ya jana," alisema kabla hatujatoka mjini.

Nikasimama, nikakaza vifungo vya ule mpira, tukaendelea. Ikanuka. Nikalala vumbini, nikanusa chini ya tangi kama mbwa. Kompyuta yangu ya kupimia magari ilisema hakuna mvuke unaotoroka.

"Sirudi mpaka nipate inakotoka, Maman."

"Mutoto wangu hawezi kupanda hii. Kesho naipeleka kwa fundi mwingine."

Nikashuka tena kuchungulia injini. Yeye alibaki ndani, akafunga vioo. Baada ya muda alitoka taratibu, akanisogelea, akaninusa bega.

"Papa, gari iko muzuri. Ni weye njo unanuka."

Nikakumbuka grisi niliyoifuta asubuhi kwenye suti.

"Ulisafisha na benzini?"

Nikamkabidhi ufunguo. Alinionyesha kiti cha nyuma, akashusha vioo vyote, akaendesha mwenyewe mpaka Bukavu.