Ruleti niliyounda Lodwar, na mbuzi wa mahari waliokuwa waende kasino

Wakuu, ejok, kama wanavyosalimiana Waturkana. Poleni na mihangaiko.

Kila siku naona humu vijana wakibishana kuhusu sistimu za ruleti za kwenye simu. Mmoja anasema ukipoteza, weka mara mbili, utarudisha tu. Mwingine anasema subiri nyekundu itoke mfululizo, kisha ukimbilie nyeusi. Nimesoma na kunyamaza muda mrefu. Leo nieleze, kwa sababu jambo hili nililipima kwa mikono yangu kule Turkana, miaka ya sabini, wengi wenu mkiwa bado hamjazaliwa. Ninayoandika ni yale niliyoyaona.

Kwanza mnijue. Mimi si mtoto wa tajiri. Nilikwenda Uingereza kwa nauli ya kuungaunga, nikasoma mchana na kuosha glasi jioni, nikarudi na diploma ya ufundi mitambo. Iko ukutani hadi leo, mgeni akiingia ndiyo anayoiona kwanza.

Serikali ikanipeleka Lodwar kwenye pampu za visima. Wenzangu waliopangiwa huko walitafuta vyeti vya daktari ili wasiende. Mimi nilishuka kwenye lori na suti. (Suti ile ilivaliwa siku moja. Anayelijua jua la Lodwar anaelewa.)

Sasa, hoteli niliyoosha glasi ilikuwa na kasino. Jambo moja lilinikaa kichwani: watu waliokuja na sistimu hawakufukuzwa. Walikaribishwa kwa jina na kupewa vinywaji vya bure.

Nikajiuliza, ni mwenye duka gani anamnunulia soda mtu aliyekuja kumwibia?

Swali hilo nilirudi nalo Kenya bila jibu.

Lodwar dereva wetu alikuwa Ekai, mtu wa Kakuma, mcheshi, anayejua kila kisima na kila mbwa wa njiani. Alikuwa anataka kumwoa Akiru, binti wa mfugaji wa Lopur. Mbuzi wa mahari alikuwa amewakusanya, lakini mzee akaongeza ngamia. Na kulikuwa na mwenye duka mmoja ambaye naye alikuwa ameanza kumsalimia mzee kwa sukari na tumbaku.

Siku moja tuko njiani kwenda Kakuma na vipuri, Ekai akaniambia, "Bwana Fundi, mimi nitauza hii mbuzi yote, niende Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Kasino. Nageuza mbuzi inakuwa ngamia."

Kumbe alikuwa amepeleka wageni Eliye Springs, kule ziwani, kuvua samaki, na mmoja wao akamfundisha sistimu kwa vifuniko vya chupa. Weka kimoja kwenye nyekundu. Ukikosa, weka viwili. Ukikosa, vinne. Siku nyekundu ikitoka, umerudisha vyote na kimoja juu.

Nikamwambia nimewaona wenye sistimu hiyo wakiishiwa.

Akacheka hadi gari likayumba. "Hao wazungu ni watu wa peke yao. Mtu akiisha, ameisha. Mimi mbuzi ikikufa na ukame naenda kwa Lokwang, ananipa. Ya Lokwang ikiisha, naenda kwa Ewoi huko Kerio. Mimi nitaisha aje?"

Niwaeleze wasiojua. Mturkana ana marafiki wa mifugo. Leo wewe umeporwa, rafiki anakupa wanyama. Kesho yeye amekaukiwa, unampa. Hivyo ndivyo watu walivyosimama tena baada ya kila janga, na hakuna benki iliyowasaidia kuliko huo urafiki.

Wakuu, hapo nikaanza kupiga hesabu upya. Ugonjwa wa sistimu ile ni kuishiwa kabla bahati haijageuka, na huyu bwana alikuwa anasema yeye haishiwi. Profesa gani aliwahi kulifikiria hilo?

Nikamwambia, "Usiuze kitu. Nipe nafasi niunde hiyo mashine, tuijaribu hapa hapa."

Nilichukua beringi ya pampu iliyokufa, nikaifunga ubao wa duara, nikapiga misumari pembeni na kuweka kipande cha ngozi ya mbuzi kama ulimi wa kusimamisha. Nikagawa duara vyumba thelathini na saba sawasawa. Jaribu kugawa duara thelathini na saba ndipo utajua kwa nini watu husoma. Nyekundu ilikuwa udongo na mafuta, nyeusi mkaa. Chumba kimoja, cha sifuri, nilikipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye pampu za serikali.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa Kakuma, uani kwa dada yake Ekai. (Kakuma ya wakati huo ni misheni, maduka machache na vumbi. Kambi ya wakimbizi haikuwepo.) Badala ya pesa tulitumia makoma, yale matunda magumu ya mikoma ya mtoni. Ekai alikuwa na gunia. Lokwang alikuja na lake, Ewoi naye alikuwa amefika mjini kuuza samaki wakavu, akapewa lake.

Tukakosa wa kushika meza. Akiru alikuwa amekuja kumtembelea huyo dada wa Ekai, tukamwita.

"Mimi sijui huu mchezo," akasema.

"Huhitaji kujua," nikamwambia. "Wakikosa, vuta kwako. Wakipata, walipe."

Akakaa, akaendelea kushona shanga zake.

Ekai alianza kwa kushinda. Koma moja, moja, moja. Lokwang akapiga makofi. "Ngamia huyo amefika shingo."

Kisha ulimi ukasimama kwenye kijani.

"Hii ni ya nani?" akauliza Ewoi.

"Ya mwenye meza," nikasema.

"Lakini sisi tuliweka nyekundu, hakuna aliyeweka nyeusi. Nani ameshinda?"

"Mwenye meza."

"Bila kuweka kitu?"

"Bila kuweka kitu."

Ewoi akakiangalia kile chumba kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu. Ekai akasema ni chumba kimoja tu, kitu gani, akaweka mawili, akarudisha. Tukaendelea.

Halafu ikaja nyeusi, na nyeusi, na nyeusi. Ekai anaongeza mara mbili. "Sasa lazima nyekundu," anasema, kama mtu anayedai mvua kwa sababu imechelewa. Lakini ubao ule niliuunda mimi. Hauna kichwa. Haujui kilichotoka nyuma.

Gunia lake likaisha. Akamgeukia Lokwang, na Lokwang akatoa bila neno, ndivyo rafiki anavyofanya. Nyeusi. La Lokwang likaisha. Ewoi akasukuma la kwake. Nyeusi tena.

Jibu langu la Uingereza nililipata hapo, uani Kakuma. Sistimu haipunguzi hasara, inaikusanya mahali pamoja. Unashinda moja moja asubuhi nzima, kisha unalipa zote kwa mkupuo. Ekai alikuwa sahihi kwamba marafiki wangempa. Ila mbuzi wa rafiki huzaa, ndiyo maana kundi hurudi. Koma lililowekwa kwenye nyekundu halizai, na kila mzunguko kile chumba cha kijani kinakula kidogo. Ukiwa na marafiki wengi, utachelewa kuisha na mtaisha wengi. Na kasino halisi ina kiwango cha juu cha kuweka, kwa hiyo hata kuongeza mara mbili watakuzuia.

Akiru aliinua macho kutoka kwenye shanga. Makoma yalikuwa yamemfika magotini.

"Hizi zilikuwa nini?"

Lokwang, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akasema, "Mbuzi zako."

Akamgeukia Ekai. "Zote nimechukua, na mimi nilikuwa nashona tu."

Ekai akaanza kukunja magunia matupu.

"Peleka mbuzi kwa baba," akasema Akiru. "Ngamia mwambie utaleta pole pole. Akikataa, nitaongea naye mimi. Huyo wa duka sitaki, hata sukari yake ina mchanga."

Kisha akaomba mawe mawili ya kupondea makoma. Jioni ile tulikula ruleti yote, imepondwa na kuchanganywa na maziwa.

Mbuzi walikwenda Lopur kwa miguu. Ngamia mmoja alitoka kwa Lokwang, mwingine kwa Ewoi. Ekai hakukosea kuhusu marafiki, alitaka tu kuwapeleka mahali pabaya. Ubao wangu Akiru aliuchukua, akawa anaanikia nyama.

Kwa hiyo vijana, mwenye sistimu aiweke hapa chini, nitaisoma kwa heshima zote. Lakini kwanza anijibu: hao wenye kasino ya simu, kwa nini wanakupa bonasi ya kuanzia?