Mahari Miguuni mwa Mshambuliaji

Msimu ule timu yetu ya Mlingotini ilipouza hati, mimi nilikuwa na fedha za mahari ndani ya kopo la maziwa ya unga, na nilikuwa na mchumba. Vyote viwili nilivipata kwa kuziba pancha kando ya barabara. Fedha nilizipata kwa waendesha bodaboda. Mchumba nilimpata kwa sababu baiskeli yake, ile aliyokuwa akibebea mwani kutoka pwani, ilipata pancha karibu kila wiki. Baadaye aliniambia kwamba mara nyingi alilitoboa tairi mwenyewe kwa mwiba, maana alichoka kungoja niseme neno.

Babake alikuwa amenipa muda. Mahari ifike kabla ya Ramadhani, la sivyo kuna mtu mwenye pikipiki mbili aliyekwisha kuulizia.

Hati zenyewe zilikuwa hivi. Klabu ilitaka kupanda daraja, lakini haikuwa na kitu, ikatuomba sisi mashabiki tuikopeshe. Unatoa fedha zako, unapewa karatasi yenye muhuri, na msimu ukiisha unarudishiwa na cha juu. Wazee wa msikitini hawakupenda hicho cha juu. Kilinuka riba. Basi katibu wa klabu, mtu mwenye pikipiki nyekundu na sauti nzuri, akasimama uwanjani akatueleza.

"Jamani, hii si riba. Ni mgawo wa zawadi. Tukipanda, tunagawana. Tukishuka, tunashuka wote!"

"Na tusipopanda?" mzee mmoja akauliza.

"Tusipopanda, tutazungumza."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha, na hadi leo sijui tulikuwa tukipigia makofi kitu gani.

Nilitumwa mjini Bagamoyo kuzichukua hati kwa mchapaji, mzee wa Kihindi mwenye duka la madaftari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanifungia mzigo kwa kamba. Zilikuwa nzuri, na mpira umechorwa pembeni. Nikajikaza nikamuuliza kama na yeye amenunua.

Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi nachapa tu, bwana mdogo. Kuchapa nalipwa leo."

Nilimwonea huruma. Niliona hajui raha ya mpira. Jioni ile ile nikalimwaga kopo lote mbele ya katibu, nikarudi nyumbani na hati moja, nikailaza ndani ya msahafu isijikunje.

Fedha za hati zote ziliishia kwa mtu mmoja. Kamati ilikwenda Kiwangwa ikamleta mshambuliaji, mkulima wa mananasi mwenye mapaja kama vinu. Ah, alifunga! Alifunga kwa kichwa, alifunga kwa goti, siku moja alifunga akiwa amekaa chini. Tulirudi kutoka mechini tukirukaruka kama watoto wa Idi. Mimi ambaye hata kuagiza chai huona haya, nilijikuta nimembeba mabegani mtu nisiyemjua, naye ananipiga makofi ya upara ilhali sina upara.

Ila jambo moja lilibadilika, nasi hatukuliona. Zamani tulimpenda mchezaji. Sasa tulimmiliki. Akianguka, uwanja mzima ulisimama kushika vifua. "Taratibu, mguu huo una fedha zangu!" watu walimpigia kelele beki wa timu pinzani. Mama mmoja muuza vitumbua alimfuata kwa kanga asipigwe na upepo.

Mechi ya mwisho ndiyo ingetupandisha, na ilibidi tushinde. Asubuhi yake kila mwenye hati aliona mtaji wake unahitaji nguvu. Nyumba hii wakamkaribisha supu ya pweza, ile wakampa mihogo ya nazi, ya tatu wakamwekea wali na samaki. Naye alikuwa mgeni aliyelelewa vizuri. Huku kwetu mgeni hakatai chakula cha mtu, huonja hata kama ameshiba. Akaonja kijiji kizima. Mimi mwenyewe nilimpelekea maziwa ya mgando.

Mechi ilikuwa sare mpaka karibu na mwisho. Akapata mpira, akampita beki, akabaki yeye na kipa. Nikauona ukumbi wa harusi, nikauona ubani. Halafu akasimama. Akashika tumbo. Akauacha mpira pale pale, akampita kipa, akalipita goli, akapotea vyooni mwa shule ya jirani. Msimu mzima hatukuwahi kumwona akikimbia namna ile.

Hatukupanda. Tukazungumza.

"Fedha ziko wapi?" tulimuuliza katibu.

"Mmezilisha pweza wenyewe," akajibu. Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Nilikwenda kwa baba wa mchumba wangu na hati mkononi. Nikatoa shikamoo, nikaiweka karatasi juu ya mkeka. Mzee aliitazama. Akaingia ndani, nikadhani anatafuta bakora. Akarudi na hati mbili, zake.

"Kijana," alisema, "nikikukataa kwa ujinga huu, itabidi na mimi nihame nyumba."

"Lakini mahari, baba..."

"Mahari ni mahari. Mwenye pikipiki mbili anazo taslimu."

Hapo pazia la mlangoni likatikisika.

"Mahari ni yangu, baba, si yako," sauti ya mchumba wangu ikasema. "Nami naitaka hiyo hati. Huyo na pikipiki zake sina haja naye."

Siku ya ndoa shehe alisoma mahari, akasita, akasoma tena. Akauliza kama bibi harusi ameridhia deni la klabu ya mpira. Jibu likatoka ndani, ameridhia. Watu walicheka mpaka mwenye buli la kahawa akalimwaga. Katibu peke yake hakucheka. Alikuwa ametambua mdai wake sasa ni nani.

Siku hizi pikipiki ile nyekundu hupata pancha mara nyingi sana, na daima hapa karibu na banda langu. Mimi siulizi. Katibu hukaa kwenye benchi akingoja nimzibie, na mke wangu hutoka na hati yake, akakaa kando yake. Wanazungumza.

Mimi huziba polepole.