Mguu Mmoja Sakafuni

Hana hisia kuanzia kiunoni kushuka chini. Hana namna ya kuinamia meza ya pool na kuweka kidevu juu ya fimbo, kama wafanyavyo wachezaji wenzake. Hana kiti cha michezo. Anacho hiki alichopewa hospitali, kizito, ambacho amekifungua egemeo la mkono wa kulia ili fimbo ipite. Na tangu mwezi uliopita, hana nafasi katika timu.

Ni saa nane mchana. Anakwangua gundi kavu kwenye ncha ya fimbo ya mteja, anapaka mpya, anabandika kipande kidogo cha ngozi, anakibana kwa vidole na kusubiri. Ukumbi una meza tatu za pool, feni moja inayolalamika, na vumbi la chaki kila mahali. Humu ndani wote humwita Bati, kwa kuwa kabla ya kukaa kwenye kiti cha magurudumu alikuwa fundi wa kuezeka.

"Kazi niliiacha, jina limegoma kuniacha," anasema bila kuinua macho.

Miaka minane iliyopita alianguka kutoka juu ya paa la ghala. Boriti aliyoikanyaga ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani.

"Nilisikia mlio wa mbao. Maumivu sikusikia. Nilipotaka kuinuka nikaona miguu imelala tu, kama ya mtu mwingine."

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Baada ya miezi mingi hospitali alirudi nyumbani kwa mkewe, mshonaji, ambaye cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto.

Mkewe ndiye aliyemsukuma hadi ukumbini kwa mara ya kwanza, na si kwa kuupenda mchezo. "Alikaa ananikagua kutwa nzima," anasema mama huyo akicheka. "Mara mshono umepinda, mara uzi umelegea. Nikamwambia, baba watoto, hapo jirani kuna ukumbi, nenda ukakague mipira."

Akaenda. Siku za mwanzo mpira mweupe, ambao hautakiwi kuzama, ndio aliouzamisha kuliko yote. Kidogo kidogo akajifunza kusimamisha kiti ubavu kwa meza, kukaza breki na kupiga mkono ukining'inia kando ya gurudumu. Mwenye ukumbi alipoona haondoki, akampa kazi ya kutunza fimbo na kubadilisha vitambaa vya meza. Kipato chake ni karibu nusu ya kile alichopata juu ya mapaa, lakini ni chake.

Mwezi uliopita klabu ya ukumbi huo ilichagua timu ya kucheza ligi. Nafasi ya mwisho waliigombea Bati na jirani yao muuza nyama, ambaye wote humwita Bucha. Bati alikuwa amebakiza mpira mweusi tu, ule wa ushindi, Bucha aliponyoosha mkono.

"Mwamuzi, miguu yake iko hewani!"

"Mwaka wa nane huu iko hewani, Bucha. Leo ndiyo umeiona?"

Watu wakacheka. Mwamuzi, dereva mstaafu wa malori, hakucheka. Alisoma sheria ya ligi kwa sauti: mchezaji anapopiga, sharti awe na mguu mmoja sakafuni. Sheria hiyo iliwekwa kuzuia watu kupanda juu ya meza, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Bati hakubishana. Alishika suruali gotini, akainua mguu wa kulia kutoka kwenye kikanyagio, akauweka sakafuni kama mtu anayetua mzigo. Akapiga, akakosa. Zamu yake iliporudi, mpira mweusi ulikuwa upande wa pili wa meza. Akazungusha kiti haraka, akakaza breki, akauzamisha. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Alichosahau ni kurudisha mguu kwenye kikanyagio kabla ya kuzunguka. Ulikuwa umeburuzwa chini ya kiti safari nzima, na mwenyewe hakujua.

"Si damu iliyonikasirisha," anasema mkewe, aliyemvua kiatu usiku ule na kukuta kucha mbili zimeng'oka. "Kilichonikasirisha, aliingia anapiga mluzi."

Kidonda cha mtu asiyesikia maumivu hupona polepole na huharibika upesi. Mkewe alikisafisha kwa majuma, kisha akatoa masharti yake: "Ama sheria ibadilike, ama fimbo ikae ukutani. Mguu huo ninauosha mimi." Bati akaachia nafasi. Bucha akaichukua.

Mwamuzi alimpa ushauri. "Mwanangu, waombe wakuonee huruma. Watafumba macho."

"Mzee wangu, huruma inategemea mtu ameamkaje," Bati akamjibu. "Leo watafumba macho. Kesho nikimfunga mtu wao, watayafumbua."

Kwa hiyo ameiandikia barua kamati ya ligi. Haombi kusamehewa sheria, anaomba iandikwe upya: kwa mchezaji wa kiti, magurudumu yahesabiwe badala ya mguu. Tena amejiwekea mpaka mwenyewe: anapopiga, makalio yasiachane na kiti, la sivyo ni faulo.

Bucha ametia sahihi chini ya barua hiyo. "Nilimzuia kwa sheria, si kwa chuki," anasema. "Sasa kila anayekuja kununua nyama ananiuliza mguu wa Bati unaendeleaje. Arudi tu, mimi nikae akiba."

Kamati inakutana kabla ya ligi kuanza. Bati hajui watasema nini. Anachotaka ni kucheza msimu huu na kurudi nyumbani na kucha zake zote.

Saa kumi jioni, nje ya posta, akiwa na mkewe, anasoma barua kwa mara ya mwisho, anailamba bahasha na kuifunga kwa kidole gumba chenye chaki. Tundu la sanduku limewekwa kwa kimo cha watu wanaosimama. Mkewe ananyoosha mkono aipokee.

"Acha, mama watoto."

Anakaza breki. Anajiinua kwa mkono wa kushoto, ananyoosha wa kulia, na barua inaingia.

"Makalio!" mkewe anapiga kelele. "Umeinua makalio! Faulo!"

"Sheria bado haijapita," anajibu, akishuka taratibu kitini, huku bahasha ikisikika kutua ndani ya sanduku.